Kelele za Gari Kuukuu na Jinsi ya Kutafuta Chanzo Chake

Kila aliyewahi kumiliki gari lililozeeka anaifahamu hali hii. Gari linakwenda vizuri, breki zinashika na injini inavuta, lakini mahali fulani kuna kitu kinachogongana. Kelele hutokea, hupotea, kisha hurudi. Gari likifikishwa kwa fundi hunyamaza kimya, mithili ya mtoto anayeacha kulia mara tu amwonapo daktari. Fundi hukaza nati mbili tatu, mwenye gari hulipa, na kesho yake kelele ipo palepale.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini kelele za namna hii hutokea, kwa nini ni vigumu kujua zinakotoka, na jinsi mtu anavyoweza kuzitafuta kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Tutatumia mfano wa safari moja katika sehemu za Karatu na Ngorongoro, ambako barabara zenyewe ni maabara ya kutosha kwa jambo hili.

Safari iliyokatizwa

Mwezi Agosti 2016 tuliondoka Arusha, mimi na wanafunzi sita, katika Land Rover ya chesisi ndefu iliyotengenezwa katika miaka ya 1970. Kutoka Makuyuni tulipita Mto wa Mbu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kufika Karatu. Sehemu hiyo yote ilikwisha kuwekwa lami katika miaka ya mwanzo ya 2000, na gari lilikwenda bila lawama. Asubuhi ya pili tulifika lango la Lodoare. Hapo lami ilikoma, na barabara ya changarawe ikaanza kupanda ndani ya msitu kuelekea ukingo wa kreta.

Hatukwenda mbali kabla ya kelele kuanza. Ilikuwa ni mgongano wa haraka haraka wa chuma kwa chuma, ulioonekana kutoka chini ya kiti cha mbele. Tulisimama, tukatazama, hatukuona kitu. Tulipofika ukingoni, mahali palipo na mwinuko wa zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, dereva wetu, mzee aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi wa barabara hizo, alizima injini. Mbele yetu kulikuwa na njia ya Seneto, inayoteremka hadi sakafu ya kreta, takriban meta 600 chini.

"Mwalimu," alisema, "gari linalolalamika mimi silishushi kreta."

Nilimjibu kwamba kelele ile bila shaka ilikuwa ya kitu kidogo, pengine bati lililolegea. Mimi niliyekwenda kusomea mitetemo ng'ambo nilikuwa tayari kuteremka na wanafunzi sita. Mzee hakuwa tayari. Tuligeuza gari tukarudi Karatu. Mwisho wa makala haya msomaji ataona ni nani kati yetu aliyekuwa na haki.

Kitu hutetemaje?

Ili kuielewa kelele, hatuna budi kuanza na mtetemo. Kitu chochote chenye uzito, kikishikiliwa na kitu kingine chenye mnyumbuko, kina mwendo wake wa asili wa kutetema. Mtoto aliyeketi juu ya bembea huenda na kurudi kwa mwendo wake maalumu, na anayemsukuma asipoufuata mwendo huo hujichosha bure. Lakini akisukuma kila mara kwa wakati unaofaa, hata kwa kidole kimoja, bembea itapanda juu sana. Hali hiyo ya msukumo mdogo kuzaa mtetemo mkubwa kwa sababu umelingana na mwendo wa asili wa kitu huitwa resonansi.

Gari ni mkusanyiko wa bembea nyingi. Bodi nzima juu ya springi zake hupanda na kushuka mara moja au mbili kwa sekunde. Magurudumu pamoja na ekseli yamebanwa katikati ya springi kwa juu na mpira wa tairi kwa chini. Haya hutetema kwa haraka zaidi, aghalabu kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Bomba la moshi, mlango, kioo na bati la sakafu navyo vina miendo yake. Gari likiwa jipya, vitu hivi vimetenganishwa kwa mipira na kubanwa barabara kwa boliti, na mitetemo yake hufishwa mapema na vifaa ambavyo mafundi huviita shokapu. Miaka inapopita, mpira hukauka na kuwa mgumu kwa sababu ya joto, mafuta na hewa, matundu ya boliti hupanuka, shokapu huvuja. Ndipo mtetemo uliokuwa ukinyamazishwa hupata nafasi ya kugonganisha chuma kwa chuma.

Land Rover za namna ile zina sababu ya ziada. Tangu gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, bodi yake imekuwa ya vipande vya aloi ya alumini vilivyofungwa juu ya chesisi ya chuma. Muundo huo ni mwepesi kutengenezwa hata kijijini, lakini una maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa kelele.

Barabara yenye mikunjo

Msukumo unaoitingisha bembea hii unatoka wapi? Msomaji aliyesafiri katika barabara za changarawe wakati wa kiangazi anaijua mikunjo midogo inayokata barabara kwa upana, mfano wa bati la kuezekea. Umbali kutoka kilele kimoja cha mkunjo hadi kingine huwa aghalabu kati ya nusu meta na meta moja.

Watu wengi hudhani mikunjo hiyo huletwa na greda au na magari mabovu. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza majaribio ya gurudumu dogo lililozungushwa juu ya mchanga mkavu. Mwendo ulipozidi kiasi fulani, gurudumu lilianza kurukaruka, na kila lilipotua lilichimba kishimo na kurundika kituta. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walithibitisha kwamba mikunjo hutokea hata gurudumu likiwa halina springi kabisa, ilimradi limezidi mwendo huo wa chini. Kwa hiyo mikunjo ni zao la mwendo na mchanga vyenyewe. Greda huifuta, lakini magari yakiendelea kupita, hurudi.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme mkunjo una urefu wa meta 0.8, na gari linakwenda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kwa sekunde. Gurudumu litapigwa mara 12.5 kila sekunde. Idadi hiyo imo katikati ya ule mwendo wa asili wa gurudumu na ekseli, mara 10 hadi 15. Kwa hiyo katika mwendo huo barabara inamsukuma mtoto wa bembea kwa wakati wake hasa, na ekseli hurukaruka kwa nguvu nyingi. Mwendo ukipunguzwa hadi kilometa 20 kwa saa, mapigo hushuka hadi 7; ukiongezwa hadi kilometa 50, hupanda kufikia 17. Katika hali zote mbili ekseli hutulia kiasi. Ndiyo sababu madereva wengi hupenda kukimbiza gari juu ya mikunjo. Gari hutulia kweli, lakini tairi hugusa vilele tu, na uwezo wa breki na usukani hupungua. Utulivu wa namna hiyo una hatari yake.

Kwa nini masikio hudanganywa

Binadamu hutambua sauti inakotoka kwa kulinganisha masikio yake mawili. Sauti ya kulia hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti ya muda isiyofikia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uwezo huu hutusaidia vizuri porini. Ndani ya gari hutupotosha.

Sababu ni kwamba sauti hupita katika hewa kwa mwendo wa takriban meta 340 kwa sekunde, lakini katika chuma hupita kwa takriban meta 5,000. Mgongano wa nyuma husafiri ndani ya chesisi hadi mbele, hulitikisa bati pana lililoko hapo, nalo bati hupaza sauti kama ngozi ya ngoma. Sikio husikia bati, wala halisikii ule mgongano wenyewe. Kwa sababu hiyo swali la "Kelele inatoka wapi?" ambalo kila mmoja wetu huanza nalo, ndilo swali lisilojibika kwa urahisi.

Fundi tuliyempata Karatu hakuuliza swali hilo. Alituuliza: "Hulia wakati gani?"

Midundo minne

Swali la fundi lilikuwa la kisayansi kuliko letu. Katika gari linalokwenda kuna mambo manne yanayoweza kuzaa mapigo, na kila moja lina mdundo wake. Kwa gari letu, likienda kilometa 36 kwa saa, hesabu ilikuwa hivi:

Kwanza, magurudumu. Mzingo wa tairi ulikuwa takriban meta 2.5, kwa hiyo gurudumu lilizunguka mara 4 kwa sekunde. Sikio linaweza kuyahesabu mapigo hayo moja moja.

Pili, propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Kwa kuwa meno ya difu hupunguza mzunguko kwa kiasi cha 4.7 kwa moja, propela ilizunguka karibu mara 19 kwa sekunde. Huo ni mngurumo.

Tatu, injini. Injini ya silinda nne, ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, huchoma mafuta mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nzito ya mfululizo, na haitegemei mwendo wa gari peke yake bali pia gia iliyomo.

Nne, barabara, ambayo kama tulivyoona ilipiga mara 12 au 13 kwa sekunde, na ambayo hunyamaza gari linapofika kwenye lami.

Basi kazi ya mtafutaji ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na kuangalia kelele inafuata mdundo upi. Anayebadili mambo mawili kwa pamoja hatajua ni lipi lililoleta jibu.

Utafutaji wetu Karatu

Tulianza gari likiwa limesimama. Fundi aliipandisha injini taratibu kutoka mwendo wa chini hadi wa juu. Hakukuwa na mgongano. Alishika bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye sehemu mbalimbali za injini na mpini wake karibu na sikio, akiwa mbali na feni na mkanda. Hiyo ni kanuni ileile ya kipimasauti cha daktari, kilichobuniwa na Mfaransa René Laennec mwaka 1816: sauti hupelekwa sikioni moja kwa moja, bila kupotea hewani. Injini iliondolewa katika orodha ya watuhumiwa.

Halafu tuliendesha kwenye lami kwa kilometa 36 kwa saa. Kimya. Kwa hiyo magurudumu na propela, ambavyo huzunguka sawasawa iwe lami iwe vumbi, navyo vilipungukiwa na tuhuma. Tukaingia barabara ya vumbi nje ya mji, tukachagua kipande kimoja kilichonyooka, na kukipita mara kadhaa. Kwa kilometa 20 kelele ilikuwa hafifu. Karibu na 36 ilikuwa kali. Kwa 50 ilipungua tena. Msomaji sasa anaweza kutambua dalili hiyo mwenyewe. Kelele ilikuwa ikifuata mrukoruko wa ekseli.

Tuliondoa kila kilichokuwa ndani ya gari: madumu, spana, masanduku. Chini ya kiti cha mbele tulikuta jeki iliyokuwa imechomoka katika kibanio chake. Tulipoitoa, kelele ilipungua sana. Mwanafunzi mmoja alipiga makofi, na mimi nilikuwa tayari kulipa na kuondoka.

Hapa ndipo watafutaji wengi hukosea. Kelele kubwa huweza kuificha ndogo, na kelele isiyo na hatari huweza kuificha yenye hatari. Fundi aliturudisha kwenye kipande kilekile, kwa mwendo uleule. Mgongano ulikuwapo bado, mwembamba zaidi, na safari hii ulitoka nyuma. Kisha akamwomba mzee aendeshe polepole mahali tambarare, akikanyaga na kuachia pedeli ya mafuta. Kila alipokanyaga tulisikia pigo moja zito. Kila alipoachia, pigo moja jingine.

Hiyo ilikuwa dalili ya pili, na ilikuwa na thamani kubwa. Injini inapovuta, nguvu yake hujaribu kuizungusha ekseli upande mmoja. Inapoachiwa, huirudisha upande mwingine. Kitu kinachogonga mara moja kwa kila badiliko la nguvu hakina budi kiwe katika mnyororo wa kupeleka nguvu hiyo: krosi za propela, meno ya difu, au mahali ekseli inapofungwa. Na tulikwisha jua kwamba kitu hichohicho hugonga ekseli inaporuka. Dalili mbili zilikutana mahali pamoja.

Gari liliwekwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, na chesisi ikaegemezwa juu ya magogo imara, kwani hakuna ruhusa ya kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Fundi alizijaribu krosi kwa mikono. Hazikuwa na mchezo. Akamulika springi za nyuma. Katika Land Rover ile, ekseli hubanwa kwenye springi kwa boliti zenye umbo la herufi U. Upande wa kushoto, kandokando ya bamba linalobanwa na boliti hizo, kulikuwa na mstari mwembamba wa unga mwekundu.

Mimi nilisema ni udongo wa Karatu, ambao kila mtu anajua ulivyo mwekundu. Fundi alitikisa kichwa. Vumbi la barabara, alieleza, hutanda kila mahali kwa usawa. Unga ule ulikuwa kwenye ungio peke yake. Ulikuwa ni kutu mbichi, inayosagwa na vyuma viwili vinaposuguana. Aliweka spana kwenye nati, na nati ikazunguka kwa nguvu ya kidole. Ya pili yake ilikuwa vivyo hivyo.

Ekseli ya nyuma, upande mmoja, ilikuwa imeshikiliwa na mazoea tu. Kwenye mteremko, uzito ukiegemea mbele na breki zikishikwa mara kwa mara, ekseli ile ingeweza kuteleza juu ya springi na gari likavuta upande. Njia ya Seneto haina nafasi ya kosa la namna hiyo. Mzee alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo mbele ya wanafunzi.

Nati hujifungua vipi?

Watu huuliza jinsi nati iliyokazwa inavyoweza kufunguka bila kuguswa. Jibu lake ni kwamba boliti iliyokazwa ni springi. Spana inapokaza nati, boliti huvutika kidogo sana, na mvutano huo ndio unaovibana vyuma viwili. Msuguano unaotokana na mbano huo ndio unaoizuia nati isizunguke.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba adui mkubwa wa mbano huo ni kuteleza kwa pembeni. Vyuma vilivyobanwa vikiteleza huku na huko, hata kwa kiasi kidogo sana, msuguano katika meno ya boliti hushindwa kwa kitambo, na nati hurudi nyuma kidogo. Kila mtelezo huipunguza nguvu ya kubana, na nguvu ikipungua mtelezo unaofuata huwa mkubwa zaidi. Kwa mapigo 12 kwa sekunde, saa moja ya barabara yenye mikunjo ni zaidi ya mapigo 40,000. Kwa hiyo ubovu wa namna hii hauendi kwa hatua sawa. Huanza taratibu, kisha hukimbia. Kelele inayosikika leo kwa mbali, wiki ijayo huenda isiwe kelele tena bali ajali.

Boliti na nati zote nne za upande ule zilibadilishwa, kwani boliti iliyokwisha legea na kupigwapigwa haiaminiki. Tulirudi kwenye kipande kilekile cha barabara, kwa mwendo uleule, na gari likanyamaza. Siku iliyofuata, kabla ya kuteremka kreta, mzee alisimama ukingoni na kuzijaribu nati upya kwa spana. Moja ilikubali kukazwa kidogo zaidi, jambo la kawaida kwa boliti mpya zinapojikalisha. Ndipo tukashuka.

Mambo ya kukumbuka

Msomaji mwenye gari la zamani anaweza kufuata utaratibu huu bila chombo chochote cha thamani:

1. Usianze na spana. Anza na daftari. Andika kelele hutokea kwa mwendo gani, katika gia gani, kwenye barabara ya namna gani, gari likiwa na mzigo au tupu.

2. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, na rudia jaribio mahali palepale.

3. Ondoa kwanza vitu vyote visivyofungwa, lakini usikubali kwamba kelele imekwisha mpaka uijaribu katika hali ileile iliyoizaa.

4. Tafuta alama kwa macho: chuma kilichong'aa kwa kusuguliwa, unga wa kutu kwenye ungio, mpira uliopasuka.

5. Kelele inayobadilika unaposhika breki, unapokata kona au unapokanyaga mafuta ichukuliwe kuwa ya hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Usiteremke nayo mlima.

6. Baada ya matengenezo, kaza tena boliti mpya baada ya safari fupi.

Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, vipuri vilipokuwa adimu nchini, mafundi wetu walilazimika kujua hasa kilichoharibika kabla ya kufungua chochote, kwa kuwa hapakuwa na kipuri cha kubahatishia. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasa la fizikia, lakini walichokuwa wakifanya ni utafiti kwa kila maana ya neno hilo. Ni matumaini yetu kwamba msomaji, atakaposikia tena mgongano chini ya kiti chake, hataongeza sauti ya redio, bali atapunguza mwendo na kuuliza swali la yule fundi wa Karatu: hulia wakati gani?